Mwenyeji Aliyefichwa: Uhakiki wa Safari Fupi za Walter Benjamin katika Miji ya Napoli na Moscow

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna mwenyeji anavyoonekana, au asivyoonekana, katika maandishi yanayotokana na safari fupi za kuwatembelea marafiki katika miji ya Ulaya. Matini teule ni tatu: insha kuhusu Napoli iliyoandikwa na Walter Benjamin pamoja na Asja Lacis (1925), insha ya Benjamin kuhusu Moscow (1927), na shajara aliyoiandika akiwa Moscow kati ya Desemba 1926 na Februari 1927. Hoja kuu ni kwamba insha ya Moscow na shajara zimetokana na safari moja, lakini insha imewaondoa marafiki waliomwezesha mgeni kuuona mji. Kwa kufanya hivyo, maarifa ya kupewa yamesomeka kama maarifa ya kujipatia. Makala yanaongozwa na dhana za Kiswahili za mgeni na mwenyeji, na yanapendekeza maswali matatu ya kumwongoza mhakiki wa maandishi ya safari, yakiwamo maandishi yetu wenyewe.

1. Utangulizi

Maandishi kuhusu miji ya Ulaya yaliyotokana na ziara fupi ni mengi: yamo magazetini, katika vitabu vya kuwaongoza watalii, katika tawasifu, na hata katika makala za wanataaluma waliokwenda kutoa mhadhara kwa wiki moja. Muundo wake hutabirika. Msafiri anafika, anatembea, anaona, anafananisha na kwao, kisha anaondoka. Nafsi ya kwanza umoja ndiyo inayotawala sentensi. Msomaji akimaliza anaujua mji kidogo na anamjua msafiri zaidi, lakini mara nyingi hajui ni nani aliyempokea msafiri huyo kituoni, nani alimsomea maandishi ya ubaoni, na alilala kwa nani.

Uhakiki wa maandishi ya safari umeshughulikia sana macho ya msafiri: anaona nini, anadharau nini, anastaajabia nini. Swali hilo ni la msingi, hasa kwetu ambao nchi zetu zimeandikwa na wapita njia kwa muda mrefu. Hata hivyo, macho hayo hayafiki mahali peke yake. Hupelekwa, hufunguliwa milango, hufasiriwa. Makala haya yanashughulikia wale wanaofanya kazi hiyo.

Benjamin (1892–1940), mhakiki wa Kijerumani, ameteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, insha zake kuhusu miji zimekuwa kielelezo kinachofundishwa katika masomo ya fasihi na utamaduni, na wengi wanaoandika kuhusu mitaa na majengo humfuata hata bila kumtaja. Pili, safari yake ya Moscow imeacha matini mbili za mwandishi mmoja kuhusu majuma yale yale. Jambo hilo humpa mhakiki nafasi adimu ya kulinganisha kilichoingizwa na kilichoachwa.

2. Kutembelea, kutalii na mwenyeji

Kabla ya kuingia katika matini, inafaa tuangalie maneno yetu wenyewe, kwa kuwa ndiyo yatakayotuongoza. Kitenzi tembelea, ambacho ni mnyambuliko wa kutendea wa tembea, hupokea yambwa za aina mbili. Tunamtembelea mtu, na tunatembelea mji. Sarufi haizichukulii yambwa hizo kwa usawa. Katika nilimtembelea rafiki yangu, rafiki huacha alama yake ndani ya kitenzi, nayo ni kiambishi m. Katika nilitembelea Berlin, kitenzi hakilazimiki kubeba alama yoyote ya mji. Mtu aliyetembelewa anaonekana katika umbo la neno lenyewe. Mji unaweza kutajwa ukabaki nje.

Kitenzi kutalii ni tofauti. Neno hili lenye asili ya Kiarabu lilihusu kusoma na kuchunguza kabla halijaambatana na biashara ya hoteli na mbuga. Mtalii, kwa maana hiyo ya awali, ni mtu anayeupitia mji kama anavyopitia ukurasa. Anahitaji macho na muda. Si lazima ahitaji mtu wa kumfungulia mlango.

Neno la tatu ni mwenyeji. Yaelekea umbo lake linakutanisha mwenye na mji, na matumizi yake yanaunga mkono maana hiyo, kwani mwenyeji ni mtu wa mahali na pia ni yule anayempokea mgeni. Methali zetu zinamtambua kama mshiriki kamili wa safari. Tunaposema mgeni njoo, mwenyeji apone, tunakiri kwamba ujio hubadilisha pande zote mbili. Tunaposema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, tunakiri kwamba ukarimu una gharama, na kwamba mgeni anapaswa kuijua. Vigezo hivi viwili, yaani uwepo wa mwenyeji na gharama ya mwenyeji, ndivyo tutakavyovitumia hapa chini.

3. Napoli: sahihi mbili

Benjamin na Lacis walikutana mwaka 1924 katika kisiwa cha Capri, karibu na Napoli. Lacis alikuwa mwongozaji wa tamthilia kutoka Latvia, aliyewahi kufanya kazi ya maigizo na watoto nchini Urusi. Katika kumbukumbu zake anaeleza kwamba alikuwa dukani akitaka kununua lozi, lakini hakulijua neno la Kiitaliano. Benjamin alijitolea kumsaidia kulisema, kisha akaomba kumbebea mizigo. Ufahamiano wao ulianza kwa tendo la ukalimani, na wote wawili walikuwa wageni.

Insha yao kuhusu Napoli ilichapishwa katika gazeti la Frankfurter Zeitung mwezi Agosti 1925 ikiwa na majina yote mawili. Dhana yake kuu ni upenyevu. Waandishi wanaanzia kwenye jiwe la volkano lenye vitundu, ambalo limejengea mji, kisha wanaonyesha kwamba maisha nayo yana vitundu hivyo hivyo. Ngazi za nyumba hugeuka jukwaa. Kiti na jiko hutoka nje hadi barabarani, na barabara huingia ndani ya chumba. Faragha na hadhara hazitengani.

Mwanafasihi anayeujua Mji Mkongwe wa Unguja au mitaa ya kale ya Mombasa ataitambua hali hii mara moja, kwa sababu baraza ya nyumba ya Kiswahili nayo si ndani wala si nje. Kufanana huko si hoja ya makala haya, lakini kunasaidia kueleza kwa nini insha ya Napoli imefaulu. Waandishi wake wanaushughulikia mji kama mahali panapopokea watu. Nao wenyewe wameandika kwa namna hiyo hiyo, kwani sauti mbili zimeingiliana kiasi kwamba msomaji hawezi kusema kwa yakini sentensi ipi ni ya nani. Hata hivyo, watu wa Napoli wenyewe wamebaki kundi lisilo na majina. Kuna waandishi wawili, lakini mwenyeji hayupo. Udhaifu huu mdogo utakua katika insha inayofuata.

4. Moscow katika insha

Benjamin aliwasili Moscow tarehe 6 Desemba 1926, akaondoka tarehe 1 Februari 1927. Sababu ya safari ilikuwa Lacis, ambaye alikuwa amepatwa na maradhi ya mishipa ya fahamu na kulazwa katika nyumba ya kuuguzia. Mwenzake Lacis, Bernhard Reich, mwongozaji na mhakiki wa tamthilia, naye alikuwa Moscow. Malipo ya awali kutoka kwa Martin Buber, mmoja wa wahariri wa jarida la Die Kreatur, yalisaidia kugharimia safari, na insha ilichapishwa katika jarida hilo mwaka 1927.

Insha hiyo ni kazi ya hali ya juu. Inaanza kwa dai kwamba anayekwenda Moscow huijua Berlin haraka kuliko anavyoijua Moscow yenyewe. Inaeleza jinsi mgeni anavyorudishwa utotoni pindi anapofika, kwa sababu barafu nene ya barabarani inamlazimu ajifunze upya kutembea. Inaorodhesha wauzaji wa vitu vidogo vidogo vya barabarani, ombaomba, vitu vya watoto vya kuchonga, vyumba vilivyosongamana familia, na sleji, yaani gari la kukokotwa na farasi lisilo na magurudumu, ambalo abiria wake hukaa chini kiasi cha kuwagusa wapita njia.

Sehemu moja ya insha inahusu wakati. Benjamin anaripoti kwamba neno la Kirusi lenye maana ya sasa hivi husikika mara nyingi kwa siku, huku jambo lililoahidiwa likichelewa. Sisi tunaozungumza Kiswahili hatuhitaji kufasiriwa uchunguzi huu. Sasa hivi yetu nayo imezoea kunyooshwa. Benjamin anaufanya uchunguzi huo kuwa kauli kuhusu Moscow na watu wake. Mji una wakati wa namna yake, nao mgeni ameugundua.

Katika insha yote hii, Lacis hayupo. Reich hayupo. Hakuna anayempokea mgeni, hakuna anayemsomea mabango, hakuna anayemwambia waigizaji wamesema nini jukwaani. Msomaji asiye na habari nyingine ataamini kwamba mtu mmoja, kwa macho yake na akili yake, ametembea katika mji mkubwa na kuufungua.

5. Moscow katika shajara

Shajara inavunja picha hiyo katika ukurasa wake wa kwanza. Benjamin anaeleza kwamba akiwa garimoshini alikariri jina na anwani ya hoteli moja, kwa hofu kwamba huenda asimkute mtu wa kumpokea. Alipofika hakumwona mtu kwenye lango la jukwaa. Alipokuwa anatoka kituoni ndipo Reich akatokea. Walipanda sleji na mizigo, na njiani wakakutana na Lacis amevaa kofia ya manyoya. Jambo la kwanza kuandikwa kuhusu Moscow ni kama mwenyeji yupo au hayupo.

Kurasa zinazofuata zinaonyesha utegemezi huo siku baada ya siku. Benjamin hakujua Kirusi. Aliongozwa na kufasiriwa na marafiki wake, na pasipo wao alikaa katika kumbi za maonyesho akifuata mienendo ya waigizaji bila kufuata maneno yao. Alikwenda kwenye nyumba ya kuuguzia, wakacheza dhumna watatu. Aligombana na Lacis, akapatana naye, akagombana tena. Zaidi ya yote, alisubiri. Alimsubiri Lacis hotelini, alimsubiri mjini, alisubiri ahadi ambazo mgonjwa hakuweza kuzitimiza.

Tukiirejelea sasa ile sehemu ya insha kuhusu wakati, tunaisoma kwa namna nyingine. Makala haya yanadai kwamba uchunguzi kuhusu sasa hivi ya Moscow una mizizi katika kusubiri huku. Hatusemi kwamba ni wa uongo. Tunasema kwamba mtu aliyeandika kuhusu wakati wa mji alikuwa pia mtu anayemsubiri mwenyeji wake, na kwamba insha imeihamisha subira hiyo kutoka kwa rafiki mmoja mgonjwa hadi kwa taifa zima. Hapo ndipo kufichwa kwa mwenyeji kunapoacha kuwa suala la adabu na kuwa suala la ukweli. Jambo la watu watatu limekuwa sifa ya mamilioni.

Shajara inakamilika kwa safari ya kurudi kituoni. Benjamin yumo katika sleji wakati wa magharibi, sanduku kubwa liko magotini, naye analia. Insha haina machozi hayo. Kwa vigezo vyetu viwili, yaani uwepo na gharama, shajara inaizidi insha, ingawa insha imesukwa vizuri zaidi. Inaonyesha nani alifungua mji, na inaonyesha kwamba ufunguo haukutolewa bure. Lacis alikuwa mgonjwa. Reich alikuwa na kazi zake. Bado mgeni alihitaji kuongozwa kila siku, kwa karibu miezi miwili.

6. Je, kuficha ni kosa daima?

Msomaji anaweza kupinga kwamba insha ya jarida si mahali pa mambo ya mapenzi na ugonjwa, na kwamba Benjamin alimwahidi mhariri wake maelezo ambayo mambo yenyewe yangejisemea bila nadharia. Pingamizi hili lina uzito. Lina uzito zaidi tukikumbuka yaliyofuata. Mwaka 1938 Lacis alikamatwa katika misako ya utawala wa Stalin, akazuiliwa Kazakhstan kwa miaka 10. Hatuwezi kudai kwamba Benjamin aliliona hilo mbele yake mwaka 1927. Hata hivyo, kuna miji na nyakati ambapo kumtaja mwenyeji katika gazeti la ugenini ni kumtia hatarini, na mgeni mwenye busara hunyamaza.

Kwa hiyo hoja yetu si kwamba majina yaandikwe. Jina ni kitu kimoja na nafasi ni kitu kingine. Mwandishi anaweza kulihifadhi jina la mwenyeji na bado akaacha nafasi yake ionekane: kwamba habari hii nilielezwa, kwamba bango hili nilisomewa, kwamba nyumba hii niliingia kwa kuwa nilifuatana na mtu anayejulikana humo. Sentensi za namna hiyo hazimtambulishi mtu, lakini zinamwambia msomaji maarifa yametoka wapi. Insha ya Moscow haina hata hizo.

Benjamin mwenyewe anaelekea kulihisi deni hilo. Kitabu chake cha vipande vifupi kuhusu maisha ya mjini, kilichotoka mwaka 1928, kina tabaruku inayokiita kitabu hicho barabara yenye jina la Asja Lacis, na inayomtaja kuwa ndiye aliyeichimba barabara hiyo ndani ya mwandishi. Mwenyeji aliyeondolewa katika insha amerejeshwa mlangoni mwa kitabu. Ni heshima kubwa, lakini tabaruku husimama nje ya matini. Shajara yenyewe ilichapishwa mwaka 1980, wakati Benjamin, Reich na Lacis wote walikuwa wamekwisha kufariki.

7. Mgeni wa Kiswahili na barua ya mwaliko

Hadi hapa tumemhakiki msafiri wa Ulaya ndani ya Ulaya. Fasihi ya Kiswahili nayo ina msafiri wake aliyefika Urusi miaka 30 kabla ya Benjamin. Salim bin Abakari, mtu wa Komoro, alimfuata Mjerumani Theodor Bumiller mwaka 1896 katika safari ya Urusi na Siberia, na masimulizi yake kwa Kiswahili yamo katika Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa Carl Velten uliochapishwa Göttingen mwaka 1901. Salim alikuwa mtumishi, kwa hiyo alikuwa mgeni aliyeletwa na mgeni. Msomaji wa masimulizi yake hawezi kusahau kwamba njia ilichaguliwa na mwingine na nauli ililipwa na mwingine. Hakuwa na uwezo wa kujifanya msafiri aliyejitegemea, na kwa sababu hiyo matini yake ina uwazi ambao insha ya Moscow imeukosa.

Hali ya msafiri wa Afrika Mashariki leo imebadilika, lakini jambo moja limebaki. Raia wa nchi iliyomo katika eneo la Schengen anaweza kuamua leo kwenda kumwona rafiki katika mji wa nchi jirani na kurudi keshokutwa. Kwake, rafiki ni hiari. Raia wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda au Burundi anahitaji viza ya muda mfupi, isiyozidi siku 90 katika kipindi cha siku 180, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000 na ushahidi wa fedha. Anapokwenda kumtembelea rafiki, kwa kawaida huhitaji pia barua ya mwaliko. Nchini Ujerumani mwenyeji anaweza kutakiwa kwenda ofisi ya wageni kutia sahihi hati ya kuahidi kubeba gharama za mgeni wake. Kwetu sisi, mwenyeji anaanza kuwapo kabla ya tiketi. Jina lake, anwani yake na kipato chake huweza kuwa katika jalada la ubalozi.

Ajabu ni kwamba katika maandishi yetu mwenyeji huyo hutoweka kama alivyotoweka Lacis. Mwanataaluma anayerejea kutoka Leipzig, London au Napoli huandika kuhusu utulivu wa maktaba, usahihi wa treni na upweke wa Wazungu. Aliyemwandikia barua, akampokea usiku, akamwonyesha namna ya kukata tiketi ya treni, mara nyingi akiwa Mswahili aliyeishi huko miaka mingi, anapewa mstari mmoja katika shukrani. Pengine kauli kuhusu upweke wa Wazungu ilitoka kwa mwenyeji huyo, ikisema habari ya maisha yake mwenyewe. Matini ikimfuta, upweke wa mtu wetu aliyeko ughaibuni unageuzwa kuwa tabia ya Wazungu, na tunapoteza habari ambayo fasihi ya Kiswahili inaihitaji zaidi.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba safari moja ya Moscow ilizaa matini mbili zinazotofautiana hasa kwa nafasi ya mwenyeji, na kwamba tofauti hiyo inaathiri ukweli wa yanayosemwa kuhusu mji. Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza kwamba mhakiki wa maandishi ya safari aulize maswali matatu. Nani alimpokea msafiri? Nani alimfasiria? Nani aligharimika, kwa fedha au kwa muda? Pale matini inapokaa kimya, mhakiki apime kama ukimya huo unamlinda mwenyeji au unamkweza mgeni.

Maswali hayo yanafaa kwa wageni wanaokaa Lamu au Unguja siku nne na kuandika, na yanafaa kwetu tunapokwenda kwao. Tunapendekeza pia kwamba wahariri wa majarida na mijaleo ya Kiswahili wawatake waandishi wa masimulizi ya safari wahamishe sehemu ya shukrani kuiingiza ndani ya matini, mahali ambapo kazi ya mwenyeji ilifanyika. Sarufi yetu tayari inatuelekeza huko, kwa kuwa haituruhusu kusema tumemtembelea mtu bila kumwachia nafasi katika kitenzi.